Barua ya wazi kwa shule za Goma kuhusu wanawake walioongoza kwa kazi zao

Kwa wakuu wa shule za sekondari, walimu wa historia na elimu ya uraia, na kamati za wazazi mjini Goma.

Uongozi wa wanawake mjini Goma umekua zaidi ndani ya taaluma kuliko ndani ya ofisi za utawala. Katika miaka 30 iliyopita mji umebadilisha watawala mara kadhaa. Kundi la waasi la RCD liliushika kuanzia 1998 hadi 2003. Kundi jingine la waasi, M23, liliuteka kwa siku chache Novemba 2012, likaurudia mwishoni mwa Januari 2025. Katikati ya vipindi hivyo uliongozwa na serikali ya Kinshasa, ambayo tangu Mei 2021 iliuweka chini ya magavana wa kijeshi. Mlima wa volkano wa Nyiragongo nao ulimwaga lava kuelekea mjini mara mbili, Januari 2002 na Mei 2021. Maofisa walikuja, wakaondoka. Waliobaki na faili za mahakamani, vitabu vya wagonjwa, vinasa sauti na madaftari ya akiba walikuwa, aghalabu, wanawake wenye kazi zao. Barua hii inaziomba shule za Goma zifundishe kazi hizo kama sehemu ya historia ya mji: nani alifanya nini, mwaka gani, kwa utaratibu gani, na kulitokea nini baadaye.

Kwa sasa nafasi ya wanawake hao shuleni ni Machi. Mwezi mzima huitwa mwezi wa mwanamke. Tarehe 8 vitenge vya sare huvaliwa, hotuba husomwa, wasichana huigiza michezo mifupi, na Aprili ikiingia somo limekwisha. Katika vipindi vya historia mwanafunzi hukutana na Kimpa Vita, aliyechomwa moto mwaka 1706 katika ufalme wa Kongo, na shule za Kikatoliki humwongezea Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa mwenye heri mwaka 1985. Nafasi hiyo wanaistahili. Ila wote wawili wanakumbukwa kwa jinsi walivyokufa, na msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari anayechagua cha kusomea chuo kikuu hapati kwao mfano wa kazi. Hata sanamu inayojulikana kuliko zote mjini, ile ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa Chukudu, ni ya mwanamume na chukudu chake cha mbao cha kubebea mizigo. Mama wanaobeba mizigo mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso hupita chini yake, barabarani.

Uchache wa mifano ya wanawake wenye kazi zao una historia yake ya kisheria, nayo ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 haikuwa na mwanamke hata mmoja mwenye shahada ya chuo kikuu. Wa kwanza alikuwa Sophie Kanza, aliyehitimu sosholojia Geneva mwaka 1964. Mwaka 1966 aliteuliwa waziri wa mambo ya jamii, wa kwanza wa kike nchini, wakati wanawake wa Kongo walikuwa bado hawajapata haki ya kupiga kura; haki hiyo ilikuja mwaka uliofuata. Waziri aliyeapishwa kabla ya kuruhusiwa kupiga kura ni kisa ambacho mwalimu wa uraia angeweza kukitumia kipindi kizima bila kuchosha darasa.

Kisha ikaja Sheria ya Familia ya 1987. Kifungu chake cha 448 kilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria lililomfunga kutoa huduma yeye mwenyewe: kutia sahihi mkataba wa kazi, kwa mfano. Miaka 29 ilipita kabla ya kifungu hicho kubadilishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Kifungu cha 444, kinachomtaja mume kuwa kichwa cha nyumba, kilibaki. Hapa ndipo panapoeleweka, kwa sehemu, jambo ambalo wageni hulishangaa wanapofika Goma, yaani wingi wa vyama na mashirika ya wanawake. Mke ambaye sahihi yake pekee haikutosha benki aliweza kuwa mwanachama, mweka hazina au mwenyekiti wa chama. Ndani ya vyama hivyo wanawake walijifunza kuongoza vikao, kuandika ripoti na kusimamia fedha kabla sheria ya nchi haijawatambua kikamilifu.

Taaluma ya sheria na utetezi wa haki ndiyo iliyotoa majina ya kwanza kujulikana nje ya mji. Immaculée Birhaheka alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa PAIF, shirika la Goma la kukuza na kusaidia juhudi za wanawake. Liliendelea kufanya kazi wakati wa RCD, kipindi ambacho kuandika orodha ya maovu ya wenye silaha kulihatarisha maisha ya mwandishi. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Martin Ennals, itolewayo Geneva kwa watetezi wa haki za binadamu. Mapema miaka ya 2000 Justine Masika Bihamba aliongoza kuundwa kwa Synergie des Femmes, muungano wa mashirika zaidi ya 30 yanayowahudumia waathirika wa ukatili wa kingono katika Kivu Kaskazini. Serikali ya Uholanzi ilimpa Tuzo ya Tulip mwaka 2008, mwaka ambao tuzo hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza.

Tuzo hizo hazielezi kazi yenyewe, na kazi yenyewe ndiyo yenye somo. Mwanamke aliyebakwa akifika katika nyumba ya kusikiliza, saa zinahesabiwa: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Msikilizaji lazima ajue nini cha kuuliza na nini cha kuacha, maana swali baya huweza kumfunga mtu mdomo kwa miaka. Daktari huandika cheti cha uchunguzi; kikikosewa, kesi huanguka hata kama mtuhumiwa anajulikana kijijini kwa jina. Baada ya hapo wakili hufungua faili. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilipanua maana ya ubakaji na kuweka muda: uchunguzi wa awali usizidi mwezi 1, na hukumu itolewe ndani ya miezi 3 tangu mamlaka ya kimahakama ipokee kesi. Vitendo vimebaki nyuma ya maandishi. Mahakama ni chache, barabara ni mbaya, na fidia zinazotajwa katika hukumu ni nadra kulipwa. Claudine Tsongo, wakili, na wenzake wa Dynamique des Femmes Juristes ya Goma wamefanya kazi katika pengo hilo hilo kati ya sheria na mahakama.

Kesi ya Minova inaonyesha ukubwa wa pengo. Novemba 2012 wanajeshi wa serikali waliokimbia Goma baada ya mji kutekwa walifika Minova, kilomita kama 50 kutoka Goma kando ya ziwa Kivu, wakapora na kubaka kwa siku kadhaa. Wanawake zaidi ya 100 walidhurika. Washtakiwa 39 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya operesheni iliyokaa Goma, na kwa siku chache majaji walihamia Minova kuwasikiliza mashahidi, ambao walitoa ushahidi nyuso zao zikiwa zimefunikwa. Hukumu ilitoka tarehe 5 Mei 2014. Waliotiwa hatiani kwa ubakaji walikuwa 2. Mwanafunzi akisoma hukumu hiyo ataelewa kwa nini mawakili walitaka kila cheti na kila tarehe viandikwe sawasawa, na ataelewa pia kwamba ushahidi uliotolewa kwa ujasiri unaweza kushindwa mahakamani. Mambo hayo mawili yafundishwe pamoja.

Minova hiyo hiyo ilikuwa na kiongozi wa aina nyingine. Rebecca Masika Katsuva hakuwa wakili wala muuguzi. Alinusurika mwenyewe, akafungua nyumba ya kuwapokea walionusurika, akawakusanyia mashamba ya kulima pamoja ili wale na kuuza. Alifariki Februari 2016. Kazi yake ingefaa kusomwa katika kilimo na uchumi wa nyumbani kama inavyosomwa katika haki za binadamu: aliona mapema kwamba mwanamke aliyefukuzwa na ukoo wake huhitaji ardhi kabla ya kuhitaji hotuba.

Katika afya, hospitali ya HEAL Africa, ambayo wanafunzi wa Goma hupita mbele yake, ina historia yake. Lyn Lusi, Mwingereza aliyekuja Kongo mwaka 1971 kufundisha, aliianzisha mwaka 2000 pamoja na mumewe, daktari mpasuaji Jo Lusi, kama kituo cha kuwapa mafunzo madaktari vijana. Januari 2002 lava iliifunika. Ikajengwa upya. Jo Lusi alishika kisu cha upasuaji. Lyn alishika utawala, fedha, mafunzo na mtandao wa vijijini uliowaleta wagonjwa. Mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Opus, na mwaka 2012 alifariki. Upasuaji uliovuma zaidi hapo ni wa fistula, tundu linalotokea kati ya kibofu au utumbo na uke, ama kwa uchungu wa uzazi uliorefuka bila msaada ama kwa ubakaji wa kikatili, na linalomfanya mwanamke avuje mkojo au choo bila kujizuia. Aina ya kwanza huzuilika: mkunga akijua mapema kwamba mtoto hapiti, na njia ya kwenda hospitali ikiwepo, fistula haitokei. Kwa hiyo mkunga wa kituo cha afya cha Masisi au Rutshuru ana uzito katika habari hii sawa na mpasuaji wa mjini, ingawa hakuna aliyewahi kumpeleka Geneva kupokea chochote. Upande wa pili wa ziwa, Bukavu, Christine Schuler Deschryver anaongoza Mji wa Furaha, uliofunguliwa mwaka 2011, ambako wanawake 90 hukaa miezi 6 kwa awamu, wakitibiwa, wakijifunza kusoma, sheria na kazi za mikono.

Jina linalopaswa kukaa katikati ya somo lolote kuhusu afya na madaraka ni la Julienne Lusenge. Alianza katika redio, Radio Candip ya Bunia, akizunguka vijijini na kinasa sauti. Vita vya Ituri vilipozidi, alichokisikia hakikutosha tena kwa kipindi cha redio, na mwaka 2000 yeye na wenzake walianzisha Sofepadi. Shirika hilo lilifika Beni na kuendesha Bunia kituo cha tiba kiitwacho Karibuni Wa Mama. Mwaka 2007 alishiriki kuanzisha Mfuko wa Wanawake wa Kongo, ili vikundi vidogo visivyojua kuandika maombi ya Kifaransa cha wafadhili navyo vipate fedha. Kisha likaja jambo kubwa zaidi. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na nyuma yake zikabaki shutuma kwamba baadhi ya waliokuja kupambana na ugonjwa waliwadai wanawake ngono ili wawape kazi. Shirika la Afya Duniani liliunda tume huru, na Lusenge akawa mwenyekiti mwenza wake pamoja na Aïchatou Mindaoudou wa Niger. Ripoti ya Septemba 2021 iliwataja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa waajiriwa wa shirika hilo lenyewe. Ni mara chache mwanamke kutoka mashariki ya Kongo amekaa upande wa meza unaouliza, na shirika la Umoja wa Mataifa likakaa upande unaojibu. Mwaka huo huo wa 2021 alipata Tuzo ya Aurora, na mwaka 2023 Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Njia ya Lusenge kutoka redioni si ya kipekee. Katika nchi ambayo gazeti halifiki kijijini, redio ndiyo shule ya watu wazima. Caddy Adzuba wa Bukavu, mwanasheria kwa masomo na mtangazaji wa Radio Okapi, alipewa Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias ya Maelewano mwaka 2014. Chouchou Namegabe alianzisha mwaka 2003 chama cha wanahabari wanawake wa Kivu Kusini, AFEM, na kuwafundisha wanawake wa vijijini kurekodi vipindi vyao wenyewe.

Kizazi kilichofuata, cha Goma hasa, kimechukua kamera. Pamela Tulizo, mzaliwa wa mji huu, alitoka kwenye uandishi wa habari akaingia upigaji picha. Katika mfululizo wake wa picha kuhusu utambulisho pacha amemweka mwanamke wa Goma mbele ya sura mbili, ile ambayo vyombo vya kigeni humpa na ile anayojipa mwenyewe. Picha hizo zilimshindia mwaka 2020 tuzo ya Dior ya vijana wa sanaa ya picha. Bernadette Vivuya, mwanahabari na mtengeneza filamu, alikwenda mbali zaidi. Mholanzi Joris Postema alikuwa amepiga Goma filamu iitwayo *Stop Filming Us*, inayohoji kama Mzungu anaweza kuuonyesha mji huu kwa haki. Vivuya na Kagoma Twahirwa walichukua picha zilizopigwa kwa ajili ya filamu hiyo, wakaongeza zao, wakazihariri upya, na mwaka 2022 wakatoa *Stop Filming Us But Listen*. Picha zile zile, mkono mwingine, maana nyingine: hakuna zoezi bora la kumfundisha kijana kwamba mhariri ana mamlaka. Arlette Bashizi naye hupiga picha za habari kwa shirika la Reuters, na vita vya Kivu vimeifikia dunia kwa sehemu kupitia jicho lake.

Katika siasa ya mitaani, LUCHA ilizaliwa Goma mwaka 2012, vijana wakidai maji, kazi na uchaguzi bila kurusha jiwe. Februari 2016 Rebecca Kabugho, mwanafunzi wa chuo, alikamatwa pamoja na wenzake 5 wakiandaa siku ya kufunga mji. Walihukumiwa miaka 2, ikapunguzwa na mahakama ya rufaa kuwa miezi 6. Mwaka 2017 Marekani ilimpa tuzo ya wanawake jasiri. Micheline Mwendike, mmoja wa waanzilishi, hutajwa mara chache zaidi, ingawa kuanzisha harakati isiyo na rais wala ofisi, na ikadumu, ni kazi ngumu kuliko kuandamana.

Biashara ni sehemu ambayo shule huidharau zaidi, pengine kwa sababu walimu wengi ni watoto wa wafanyabiashara hao na wamelizoea jambo. Petite Barrière, mpaka kati ya mtaa wa Birere na Gisenyi, Rwanda, kabla ya Korona ulivukwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku, wengi wao wanawake wenye nyanya, maziwa, samaki, sabuni na vitenge. Mtaji wao hutoka katika likirimba, ambamo kila mmoja hupokea fungu kwa zamu, na siku hizi zaidi katika AVEC, vyama vya akiba na mkopo vya mtaa. Utaratibu wa AVEC ulibuniwa Maradi, Niger, mwaka 1991, na wanawake wa Goma wameufanya wao. Wanachama 15 hadi 30 hununua hisa kila wiki. Mkopo hauzidi mara 3 ya akiba ya mkopaji. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli 3, na funguo hushikwa na watu 3 tofauti wasio na haki ya kulifungua peke yao. Mwisho wa mzunguko, faida hugawanywa kwa kadiri ya hisa. Kuna pia mfuko wa msiba na ugonjwa. Mwenyekiti wa AVEC inayodumu miaka 10 bila kugombana anajua hesabu, sheria ya mikataba na tabia za watu kuliko vitabu vingi vya sehemu ya biashara. Tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, maarifa hayo yamekuwa na uzito mpya. Katika kilimo, LOFEPACO yenye makao Butembo imewaunganisha wanawake wakulima wa vyama vingi, na kwenye kisiwa cha Idjwi Marcelline Budza aliwapanga wanawake wa kahawa ili wauze mazao yao wenyewe.

Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, kwa miongo mingi ililindwa na wanaume peke yao. Wanawake waliingia katika kikosi chake miaka ya karibuni, wachache, kwa mafunzo yale yale ya silaha na doria. Tarehe 11 Mei 2018 Rachel Masika Baraka, mwenye umri wa miaka 25, aliuawa kaskazini mwa Goma akiwalinda watalii Waingereza waliotekwa siku hiyo. Hifadhi ikafungwa kwa watalii hadi mwaka uliofuata. Hapa shule zina jukumu la kuwa makini. Yeye pia asije akakumbukwa kwa kifo tu, kama Kimpa Vita: mlinzi husoma nyayo, hufuatilia sokwe, huandika ripoti za doria na huzungumza na wakulima wa mpakani mwa hifadhi, na hiyo ndiyo kazi aliyoichagua.

Serikalini habari ni fupi. Katiba ya 2006 iliweka usawa katika kifungu cha 14, na sheria ya utekelezaji ilitoka tarehe 1 Agosti 2015. Uchaguzi wa 2006 uliwapeleka wanawake 42 katika Bunge la Taifa lenye viti 500. Miaka karibu 20 baadaye wamefika takriban asilimia 13. Sheria ya uchaguzi ya Juni 2022 ilisamehe dhamana kwa orodha zenye angalau nusu ya wagombea wanawake, jambo jema, lakini jina kuwekwa kwenye orodha halimaanishi kuwekewa fedha za kampeni. Jeanine Mabunda aliongoza Bunge kuanzia 2019 hadi Desemba 2020. Malangu Kabedi-Mbuyi alikabidhiwa Benki Kuu mwaka 2021. Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa Waziri Mkuu tarehe 1 Aprili 2024. Wote watatu walikuwa wa kwanza wa jinsia yao katika nafasi hizo, na wote watatu walifika wakiwa na taaluma ya miaka mingi nyuma yao. Kivu Kaskazini kwenyewe, magavana wote tangu 2007 wamekuwa wanaume, wa kiraia na wa kijeshi. Jirani Ituri iliwahi kumpa Pétronille Vaweka uongozi wa baraza lake la mpito mwaka 2003, vita vikiwa bado moto, na alijulikana kwa kwenda mwenyewe kuzungumza na wenye bunduki.

Ukiyapanga majina haya, utaona miji inayojirudia: Geneva, The Hague, Washington, Paris. Mji umewajua watu wake wengi kupitia sherehe za mbali zilizotangazwa na redio za kigeni. Tuzo zimewasaidia: zimewapa fedha, na mara nyingine zimewalinda, maana ni vigumu zaidi kumfunga mtu ambaye balozi anamjua kwa jina. Kwa mwalimu, hata hivyo, tuzo ni chanzo chenye kasoro. Huwapa wote sifa moja, ujasiri, na kuuficha ujuzi uliowatofautisha: wakili na mkunga wanatoka jukwaani wakiwa wamefanana. Tena huchagua kazi inayoweza kuelezwa kwa mgeni kwa sentensi moja. Mhasibu wa AVEC, mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza katika iliyokuwa kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bulengo, mkunga wa zamu ya usiku hawana sentensi hiyo.

Kwa hiyo linaloombwa ni kila kazi kuwekwa katika somo lake. Sheria za 1987, 2006 na 2016, pamoja na hukumu ya Minova, ziingie katika elimu ya uraia, zisomwe kwa maandishi yake. Fistula na saa 72 ziingie katika biolojia. Sanduku lenye kufuli 3 liingie katika uhasibu wa sehemu ya biashara, wanafunzi wakokotoe gawio la mwisho wa mzunguko. Filamu ya Vivuya ionyeshwe sambamba na ile iliyoitangulia katika kipindi cha Kifaransa au sanaa, na darasa liulizwe nini kilikatwa. Wavulana wakae katika vipindi vyote hivi. Somo la wasichana peke yao litarudisha mambo Machi. Walimu wa sehemu ya ualimu waanze, kwa sababu wanafunzi wao ndio watakaosimama mbele ya madarasa ya msingi miaka michache ijayo.

Tahadhari mbili zinahitajika. Baadhi ya watu waliotajwa wanaishi uhamishoni au wana jamaa mjini, na hali ya Goma tangu 2025 haimruhusu mwalimu kusahau hilo: yafundishwe yale yaliyokwisha kuchapishwa, na asitumwe mwanafunzi kutafuta anwani ya mtu. Pia wanafunzi wasipewe kazi ya kukusanya ushuhuda wa walionusurika ukatili, hata kwa nia njema. Hiyo ni kazi ya wasikilizaji waliofunzwa. Wanachoweza kukusanya ni historia ya kazi katika mitaa yao, kutoka Ndosho hadi Majengo: nani alifungua zahanati ya kwanza, nani aliongoza shule baada ya lava ya 2002, nani alianzisha chama cha wauza samaki wa Kituku, na walifanyaje. Mhusika aombwe ruhusa kwanza, asomewe kilichoandikwa kabla ya kuhifadhiwa, na nakala moja ya daftari ibaki katika maktaba ya shule, nyingine kwake.